Nguzo Ilitangulia, X Ikafuata

Kiwanja chetu cha Magomeni Suna, jijini Dar es Salaam, mama alikinunua mwaka 1989, kwa mzee aliyekuwa akilima mchicha na mpunga pembezoni mwa Mto Msimbazi. Karatasi ya mauziano ilichanwa kwenye daftari la shule. Muuzaji alisaini, mashahidi wawili wakasaini, mama akaweka dole gumba ingawa kuandika alijua. Alisema sahihi ya mtu hughushiwa, kidole hakighushiki. Miaka michache baadaye, nikiwa shule ya msingi, nguzo za umeme zikashuka bondeni. Namkumbuka amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anaiangalia nguzo ikisimikwa kama mtu anayepokea posa. Akamwambia jirani: "Serikali haiwezi kuleta nguzo mahali isipotaka watu, shoga yangu."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye nyumba yenyewe. Na nguzo ile ndiyo iliyonivuta kwenye kazi. Leo mimi ni fundi umeme wa majumbani, na nyumba za mabondeni nilizozifunga waya ni nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Kwa hiyo katika haya nitakayosimulia, lawama zangu nami zimo.

Watu wasiowahi kukaa bondeni hudhani sisi hatukujua. Tulijua. Kila nyumba ya Suna ilikuwa na dalili ya kujua: kizingiti cha tofali mbili mlangoni, vitanda vimepandishwa juu ya tofali, kabati la vyombo limening'inizwa ukutani. Mwenye hela alinunua kifusi, tripu tatu nne za lori, akanyanyua uwanja wake, na maji ya mvua iliyofuata yakahamia kwa jirani ambaye hakuwa na hela ya kifusi. Ugomvi wa Suna mwingi ulianzia hapo. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilituingilia mpaka magotini, tukakaa juu ya meza siku mbili, maji yakatoka, tukasugua sakafu kwa dawa, tukaendelea. Nadhani mwaka ule ndio uliotuharibu. Tulijifunza kwamba maji huja na maji huondoka.

Na tulikuwa na sababu ya kukaa. Kutoka Suna unatembea kwa miguu hadi Kariakoo, unavuka Jangwani, nusu saa umefika. Kwa mtu anayekula anachopata siku hiyo hiyo, nusu saa ya miguu ni mtaji.

Kitu ambacho hatukukijua, au tulikiona bila kukielewa, ni kwamba mto nao ulikuwa unasogea. Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unakusanya vijito vya Kinyerezi, Tabata, Ubungo na Sinza, mpaka unamwaga baharini kwenye Daraja la Salenda. Nilipokuwa mdogo vilima vile vilikuwa na mikorosho na miembe. Vikajaa bati. Kila paa jipya la kule juu lilitutumia maji yake, na kila mteremko uliofyekwa ulitutumia mchanga wake. Mchanga ukajaa chini ya daraja la Jangwani mpaka pale tulipokuwa tukipita tumesimama tukawa tunapita tumeinama. Mto uliokosa kina hutafuta upana. Sisi wa chini tuliambiwa tumejenga mtoni, na ni kweli, lakini kwa upande wa pili mto nao ulikuwa unakuja kujenga kwetu.

Desemba 20, 2011, Jumanne. Mabango ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru yalikuwa bado yananing'inia barabarani. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikuwa na radi nyingi, ilikuwa mvua ya kazi, imenyooka, haipumziki. Msimbazi hutanguliza harufu. Kabla hujaona maji unasikia harufu ya choo, oili chafu na majani yaliyooza, halafu panya buku wanaanza kupita uani mchana kweupe, hawakuogopi. Mama aliwaona panya akasema, "Leo si ya kawaida." Nilizima swichi kubwa ya umeme, jambo la akili kuliko yote niliyofanya siku ile. Soketi zetu zilikuwa chini, kama shubiri moja na nusu kutoka sakafuni, kama ilivyo kwenye nyumba zote. Maji yalizimeza hata kabla sijamaliza kufunga madirisha. Yakapita magoti, yakapita kiuno, yakanifika kifuani. Vijana waliokuwa wakichimba mchanga mtoni, wale ambao kila siku tulikuwa tukiwafukuza kwa kutubomolea kingo, ndio waliokuja na kamba na tyubu za malori wakatuvusha. Mama alikataa kuondoka bila karai lake la kukaangia samaki. Akalibeba kichwani kama kofia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya kiasi kile haijawahi kunyesha Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa katika siku zile. Vyumba vyetu viwili vya nyuma vilikwenda na maji, viwili vya mbele vikabaki, ukutani kukiwa na mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa na fundi mwenye kamba.

Tulilala darasani, shule moja ya jirani, familia kumi na moja chumba kimoja. Siku ya tatu wakaja maofisa na fomu. Kijana aliyetuandikia alikuwa mpole, amevaa buti za mpira, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliamkia, "Shikamoo mama," akachuchumaa kabisa. Godoro? Mawili. Kitanda? Viwili. Sufuria? Mama akahesabu. Nguo? Akakadiria. Kisha mama akasema, "Na daftari, mwanangu."

"Daftari la shule, mama?"

"Daftari la madeni."

Mama alikuwa mkaanga samaki. Saa kumi na moja alfajiri yuko Feri mnadani, anachukua ndoo yake ya vibua, saa nyingine na changu akibahatika, jioni anakaanga pale njia panda. Wateja wake walikuwa makuli wa Kariakoo, mafundi, wapiga debe, na nusu yao walikula kwa mkopo mpaka Jumamosi. Daftari lile lilikuwa na miezi ya jasho la watu ndani yake. Kijana akaitazama fomu mbele na nyuma. "Hii haina pa kuandika, mama." Akaandika "daftari" pembeni, kwenye nafasi nyeupe, kwa penseli. Sidhani kama kuna aliyesoma. Lakini nilimpenda kwa kuandika.

Nimewaza sana kuhusu ile fomu. Ilijua kuhesabu kilicholoa. Haikujua kuhesabu kilichokuwa kinatulisha. Misaada yote iliyofuata ilikwenda kwa mpangilio wa fomu ile: magodoro, mablanketi, unga, maharage, ndoo. Tulishukuru, na nasema kwa dhati, maana blanketi usiku wa mvua si kitu cha kudharau. Ila wale waliokuwa wanadaiwa na mama, waungwana kama wanne walikuja wenyewe na kulipa, mmoja alilipa mpaka samaki ambao mama alikuwa hawakumbuki. Wengine mafuriko yaliwafutia.

Serikali ikatenga viwanja Mabwepande, kule mbele ya Bunju, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Mama alipata kwa kuwa alikuwa na nyumba. Wapangaji wetu wawili, ambao maji yaliwabebea kila kitu kama sisi, hawakupata; waliambiwa waende wakapange kwingine. Tukakaa kwenye hema. Ardhi ilikuwa nzuri, iko juu, kavu, ina upepo. Mama aliisifia udongo wake. Tatizo lilianza siku ya kwanza ya kwenda Feri.

Fuatana naye. Saa nane na nusu usiku anaamka. Anatembea gizani na karai na ndoo tupu mpaka palipo na bodaboda. Bodaboda hadi Bunju. Daladala la kwanza hadi Mwenge, kama limepatikana. La pili hadi Posta. Anafika Feri mnada umeshachanganya, samaki wazuri wameondoka, anachukua waliobaki kwa bei ya waliotangulia. Kurudi ni taabu tupu: konda anamwangalia na ndoo inayotiririsha maji ya samaki, ama anamkataa ama anamtoza nauli ya ndoo. Na akishafika Mabwepande, amkaangie nani? Majirani wote ni waathirika kama yeye, nao wanatafuta pa kukopa. Alifanya hivyo wiki sita. Wiki ya saba mtaji ukaisha.

Watu wakiniuliza kwa nini watu wa mabondeni "wanapewa viwanja wanauza wanarudi," jibu langu ni ile ratiba ya saa nane na nusu usiku.

Tuliuza mwaka 2013. Na hapa sina pa kujificha: mimi ndiye niliyemshauri mama auze. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, najua kila kitu. Nilimwambia vyumba viwili vya Suna vinatosha, tutaziba ukuta wa nyuma, nitafunga waya upya, soketi safari hii nitazipandisha juu. Kiwanja kikaenda kwa milioni mbili na nusu, kwa karatasi nyingine ya daftari. Mwaka 2022 nilipata kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba ya nne kutoka pale lilipokuwa hema letu. Pamejaa nyumba za vigae, kuna maduka, kuna shule, dalali akanitajia bei ya kiwanja nikajifanya natafuta bisibisi.

Tulirudi Suna, basi. Hakuna aliyetuzuia. Mita ya LUKU ilikuwa bado inasoma. Ankara ya kodi ya jengo ikaja kama kawaida, mama akalipa na kutunza risiti kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ile karatasi yenye dole gumba. Kuna jambo hapa nataka msomaji alione vizuri. Huko nyuma, serikali ilipoanza kutoa leseni za makazi kwa maeneo ambayo hayajapimwa, mama alikwenda kuomba. Meza moja ikamwambia haiwezekani, nyumba yake iko kwenye ardhi hatarishi. Mpango Mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulikuwa umeshaliweka bonde kwenye kundi hilo, miaka kumi kabla hajanunua. Sawa. Akatoka. Meza ya pili, jengo hilo hilo, inamdai kodi ya nyumba ambayo meza ya kwanza inasema haitakiwi kuwepo. Mama hakuona kichekesho. Alisema anayepokea hela yako amekukubali.

Desemba 2015 watu wa serikali wakaja na rangi nyekundu, kuchora X kwenye nyumba za kubomolewa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo kulikuwa na kijana mwenye futi kamba, mwenzake mwenye kopo la rangi na brashi, na mkubwa wao kivulini na faili. Futi kamba yenyewe ilikuwa ya mita 50. Ikafika mwisho, wakaweka jiwe, wakaanza tena kuhesabu kumi zilizobaki. Mzee mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, aliwafuata na fimbo yake mpaka ukingoni.

"Mwanangu, mnaanzia mto upi?"

"Huu hapa, mzee."

"Huu wa leo? Mimi ulionikuta hapa ulikuwa kule." Akanyoosha fimbo ng'ambo, kwenye matete. "Huu umekuja juzi. Nao mmeuchora X?"

Kijana alicheka, kisha akamwangalia mkubwa wake, kisha akaacha kucheka. Sisi tulikuwa mita arobaini na moja. Mama alisema aliponunua alihesabu hatua mia.

X yetu ilichorwa karibu na mita ya LUKU, na tone la rangi likaangukia kwenye boksi lake. Yule kijana akatoa kitambaa mfukoni akalifuta, polepole, mpaka likatakata. "Hii ni mali ya serikali," akasema. Nyumba ikabaki na X yake, mita ikabaki safi.

Walipokuja kubomoa, mama alikuwa Feri. Kuna watu wa Kinondoni waliokuwa wamejiorodhesha kwenda mahakamani, na mapema Januari 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, ikawapa zuio. Jina la mama halikuwemo. Siku ya kujiandikisha alikuwa Feri pia. Nikampigia simu. Alirudi na ndoo yake, akakuta kijiko kimeshapita, bati limekunjwa kama karatasi, na mfuko wake wa nailoni nimeushika mimi. Hakulia. Aliangalia ndoo. "Samaki hawasubiri," akasema, akatafuta mafiga matatu kwenye kifusi cha nyumba yake mwenyewe, akawasha mkaa, akakaanga pale pale kando ya barabara. Makuli walikuja kama kawaida. Yule aliyelipa deni la samaki wasiokumbukwa alinunua ndoo nusu nzima.

Sasa sikiliza majina yetu yalivyobadilika. Desemba 2011 tulikuwa waathirika. Viongozi walikuja, walishika watoto wetu, waliinamisha vichwa. Desemba 2015 tulikuwa wavamizi. Watu wale wale, kando ya mto ule ule. Mwathirika anapewa blanketi, mvamizi anapewa siku za kuhama. Na hakuna aliyetueleza ni siku gani hasa, kati ya blanketi na rangi, tulipovuka kutoka jina moja kwenda jingine.

Halafu likaja jina la tatu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, Hispania ikaweka mkopo wake wa dola milioni 30 na Uholanzi ikatoa msaada wa milioni 30 nyingine: kuchimba mto, kujenga upya daraja la Jangwani, kugeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Wakaja wathamini na vishikwambi. Safari hii watu wa bondeni waliitwa waguswa wa mradi. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa na nyumba Hananasifu iliyonusurika mwaka 2015. Walimhesabia vyumba, choo, ukuta, mpaka mwembe. Alipiga picha na bango la namba mkononi. Akalipwa. Alilalamika ni kidogo, na kweli kilikuwa kidogo, lakini alipata kiwanja Chanika na bati za kuanzia.

Mita 60 zilikuwa zile zile. Kifungu cha sheria hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mwenye hela: masharti ya Benki ya Dunia yanataka anayehamishwa na mradi alipwe jengo lake hata kama ardhi hana hati nayo. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Ndicho kinachonikereketa. Kumbe miaka yote ile ilikuwa inawezekana kumthamini mvamizi, kumhesabia mwembe, kumpa muda. Ilihitaji tu mtu wa nje kuweka sharti.

Mama hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 2019 kwenye chumba cha kupanga Kigogo. Mjomba alipolipwa alinitumia laki tatu kwa simu na ujumbe wa maneno mawili: "Ya dada."

Sitaki kuonekana nadai serikali ingetujengea ukuta tukae bondeni milele. Hapana. Bonde lile si la watu kulala. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, karakana yake ilikuwa Jangwani, katikati ya bonde lile ambalo miezi michache nyuma sisi tulibomolewa kwa kukaa. Mwaka 2018 mafuriko yakaiingia, mabasi yakaharibika, na kila masika barabara ya Morogoro ilipofungwa pale, abiria wa Kimara na wa Magomeni wakashushwa wote wakatembea. Nakiri nilifurahi kidogo, furaha isiyo na heshima. Kisha nikajiuliza: kama wenye ramani, wahandisi na Mpango Mkuu kabatini nao walijenga pale, yule mwenye karatasi ya daftari angejuaje zaidi yao?

Nimeona pia kwamba serikali ikitaka, inaweza. Desemba 3, 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh na vijiji vyake, watu zaidi ya 80 wakafa. Wale waliopoteza nyumba walijengewa nyingine, eneo la Waret, za tofali, si mahema. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilisikia wivu. Lakini nilitega sikio kwenye taarifa zote za redio nisikie kama kuna atakayewaita wavamizi wa mlima. Hakuna aliyewaita. Walikaa na jina moja tu, na nyumba zikaja kwa jina hilo.

Kama ningekuwa na kiti kwenye kamati ya maafa ya mtaa ningeomba vitu vya aibu kwa udogo wake. Nauli ya mwaka mmoja kwa anayehamishiwa mbali, ili afike kwenye riziki yake mpaka riziki imfuate. Mpangaji aandikwe. Safu moja kwenye fomu ya kuuliza "ulikuwa unaishi kwa kazi gani." Na kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale panapobandikwa matangazo ya chanjo, ibandikwe ramani yenye mstari wa maji ya 2011, ili anayekuja kugongewa muhuri wa mauziano auone kabla ya kutoa hela. Sina uhakika mtu angeiangalia. Mama angeiangalia, halafu angeuliza mbona nguzo ziko ndani ya mstari.

Na mimi? Ili nyumba ipate umeme, fundi mwenye leseni lazima aweke muhuri kwenye fomu kwamba waya ziko salama. Muhuri huo ninao. Fomu inauliza waya, haiulizi mto. Kwa miaka mingi nimegonga muhuri kwenye nyumba ambazo ningeweza kutupa jiwe likatua majini, na nikajiambia nisipofunga mimi atafunga kishoka asiyejua hata kuweka waya wa ardhi. Hoja hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli kama ilivyokuwa kweli kwamba vyumba viwili vilitosha.

Mwezi uliopita niliitwa huko pembezoni mwa jiji, sitataja wapi, maana pako pengi. Mtelemko mzuri, matete ya kijani mpaka chini, kijito kinapita kimya. Mwenye nyumba ni kijana wa makamo, anauza mitumba, ana mke na watoto wawili wadogo waliokuwa wakicheza kwenye rundo la kokoto. Msingi ameunyanyua kozi nane. Nikamuuliza kuhusu maji ya masika. Akasema yanapita tu, hayakai.

"Na hapa serikali haijawahi kuja na mpango wowote?"

Akacheka, akanionyesha kidole nyuma yangu. Nguzo mpya kabisa, dawa bado inanuka. "Kaka, umeme huo umeshafika. Ingekuwa haitaki watu hapa, ingeleta nguzo?"

Nikatoa chaki na futi, nikaanza kupima ukuta wa sebule. Nilipoweka alama ya soketi ya kwanza pale chini, shubiri moja na nusu, akanishika bega.

"Hapana, fundi," akasema. "Hizo nipandishie. Weka usawa wa kifua."